Je, Wajua? Jina Lako Liliandikwa na Nani?

Je, wajua kuwa Uswisi na Uswidi ni nchi mbili tofauti, na kwamba zote mbili zimeacha alama katika bonde la Kilombero? Ukiuliza Ifakara, kuanzia Michenga hadi Lipangalala, wapo wanaozichanganya. Waswisi ndio waliotangulia. Mapadre wao Wakapuchini walifika mwaka 1921, na mwaka 1949 akaja Profesa Rudolf Geigy kutoka Basel, ambaye mwaka 1957 alifungua maabara ndogo ya kuchunguza magonjwa ya nchi za joto. Maabara hiyo ndiyo iliyokuja kuwa Taasisi ya Afya Ifakara. Alama ya Waswidi iko upande wa Kidatu. Fedha zao, pamoja na za Benki ya Dunia, zilijenga kituo cha umeme kwenye mto Ruaha Mkuu. Mashine mbili za kwanza ziliwashwa 1975, mbili nyingine 1980, jumla megawati 204.

Leo tunawapitia wote wawili kwa njia ya majina: ya ukoo, ya ubatizo, ya utani, na ya watu waliohama kwao. Katika yote hayo kuna swali moja ambalo halinitoki. Jina lako lilipoandikwa mara ya kwanza, nani alikuwa ameshika kalamu?

Je, wajua kuwa mtu anaweza kuitwa Walburga, Ottilia, Engelbert au Placidus, akawa Mpogoro kwa baba na kwa mama? Majina haya yamejaa Ulanga, Kilombero na kusini kote kwa sababu ya ubatizo. Wabenediktini waliokuja enzi za Wajerumani walitoka abasia ya Mtakatifu Ottilia kule Bavaria, na waliwapa waumini majina ya watakatifu waliowajua wao. Ottilia alikuwa mtawa wa Alsace anayesimuliwa kuwa alizaliwa kipofu akapata kuona, ndiyo maana wenye maradhi ya macho humwomba. Walburga alikuwa Mwingereza wa karne ya 8 aliyehamia Ujerumani, akaongoza monasteri huko huko ugenini. Kwa hiyo bibi wa Mahenge anayeitwa Walburga amebeba jina la mhamiaji, ila mhamiaji huyo hakuwa babu yake wala bibi yake. Vijana wanaosikia jina la bibi na kudhani kuna mzungu aliyefichwa katika ukoo wanatafuta damu mahali palipokuwa na maji tu.

Simama asubuhi kwenye dirisha la mapokezi la hospitali yoyote bondeni. Karani anaita jina lililoandikwa kwenye kadi, majina matatu kamili, mara ya kwanza, mara ya pili. Kimya. Mwanamke aliyekaa benchi la mbele, mtoto mgongoni, anaendelea kumtikisa mwanawe alale. Jirani yake ndiye anayemgusa bega: "Mama Neema, si wewe huyo?" Tangu alipojifungua mtoto wa kwanza amekuwa Mama Neema, sokoni, kisimani, kanisani, hata kwa mumewe. Jina la kwenye kadi ni la siku ya ubatizo, siku ya mtihani na siku ya kupiga kura.

Je, wajua kuwa kwa karne nyingi mkulima wa Uswidi hakuwa na jina la ukoo? Anders akizaa mtoto wa kiume akamwita Johan, mtoto huyo ni Johan Andersson, yaani Johan mwana wa Anders. Johan naye akizaa binti akamwita Karin, huyo ni Karin Johansdotter. Kila kizazi na jina lake, na kaka na dada wa baba mmoja wana majina mawili. Mtu wa pwani, ambako Asha binti Juma na Ali bin Juma ni ndugu wa tumbo moja, angeuelewa mpango huo bila kufundishwa.

Kisha mwaka 1901 serikali ya Uswidi ikatoa amri: kila familia iwe na jina moja la kurithishana. Aliyekuwa Andersson akabaki Andersson, na wanawe na wajukuu wake wakawa Andersson, hata kama baba yao aliitwa Erik au Nils. Jina lililokuwa likitembea na kizazi likasimamishwa pale kalamu ilipolikuta.

Ndiyo sababu mwanamke mmoja aliyezaliwa 1912 akaitwa Johansson, mwana wa kiume wa Johan, ingawa alikuwa binti. Watanzania wa umri fulani wanamkumbuka kwa jina jingine kabisa: Mama Barbro. Barbro Johansson alifika Tanganyika mwaka 1946 kama mwalimu wa misheni, akafundisha wasichana Kashasha, Bukoba. Mwaka 1959, katika uchaguzi ule wa kura tatu ambapo kila mpiga kura alichagua Mwafrika mmoja, Mwasia mmoja na Mzungu mmoja, aliingia katika Baraza la Kutunga Sheria akiungwa mkono na TANU. Uhuru ulipopatikana alichukua uraia wetu. Baadaye aliongoza Shule ya Wasichana Tabora. Alifariki 1999, na Dar es Salaam kuna shule ya sekondari ya wasichana inayoitwa kwa jina lake. Hakuwa na mtoto wa kumzaa, lakini nchi nzima ilimwita Mama, na kwa maoni yangu cheo hicho kilimkaa vizuri kuliko lile jina la mwana wa Johan.

Je, wajua kuwa askari wa Uswidi walipewa majina na makamanda wao? Kuanzia mwishoni mwa karne ya 17, mashamba kadhaa yaliungana kumtunza askari mmoja kwa kumpa kibanda na kipande cha ardhi. Sasa kikosi kikiwa na akina Andersson kumi na zaidi, amri inamfikia nani? Wakapewa majina mafupi yanayotamkika kwa sauti kali: Rask, mwepesi; Modig, jasiri; Stål, chuma cha pua. Askari alipokufa au kustaafu, aliyeingia kwenye kibanda chake mara nyingi alichukua na jina lake. Wanaotafuta asili za familia Uswidi wanakuta majina hayo hayo yakirudiwa katika kibanda kimoja kwa miaka mia na zaidi, na watu wenyewe hawana undugu wowote.

Je, wajua kuwa Waswidi wapatao milioni 1.3 walihama kwao kati ya miaka ya 1850 na 1930, wengi wao kwenda Marekani? Ardhi ilikuwa haba, na njaa kali ya 1867 hadi 1869 iliwasukuma waliokuwa wakisitasita. Walijaa Minnesota, Illinois na Wisconsin. Mwanzoni mwa karne ya 20 Chicago ilitajwa kuwa mji wa pili wa Waswidi duniani baada ya Stockholm.

Je, wajua kuwa ile hadithi ya karani wa Ellis Island aliyewabadilishia watu majina getini si ya kweli? Kituo hicho cha bandari ya New York kilifunguliwa 1 Januari 1892. Orodha za abiria ziliandikwa kule walikopandia meli, na maafisa wa New York walizisoma na kuzihakiki tu. Wahamiaji walijibadilisha wenyewe, baadaye na polepole, kiwandani, shuleni au mahakamani. Johansson akawa Johnson, Karlsson akawa Carlson, na aliyekuwa na nukta mbili juu ya herufi akaziacha kwa kuwa mashine za chapa za huko hazikuwa nazo. Familia nyingi bado zinamlaumu yule karani. Ni rahisi zaidi kumlaumu yeye kuliko kukubali kwamba babu mwenyewe ndiye aliyeamua.

Na wapo walioamua kwa sababu nzito. Ola Månsson alikuwa mbunge Uswidi, mtetezi wa wakulima. Mwaka 1859, akiwa ameshtakiwa kwa ubadhirifu, aliondoka nchini na kuibukia Minnesota akiitwa August Lindbergh. Mwanawe akawa mbunge wa Marekani. Mjukuu wake, Charles Lindbergh, ndiye aliyeruka na ndege peke yake kutoka New York hadi Paris, 20 na 21 Mei 1927, bila kutua. Magazeti yakampachika jina la utani, Lucky Lindy, Lindy mwenye bahati. Jina ambalo dunia nzima ilimshangilia nalo mjukuu lilitokana na jina alilojibunia babu aliyekimbia kesi.

Mwingine ni Joel Hägglund, kijana wa mji wa Gävle. Marekani alijiita Joseph Hillström, kisha Joe Hill, na kwa jina hilo fupi akatunga nyimbo za wafanyakazi zilizoimbwa migomoni. Alipigwa risasi kwa hukumu ya mahakama huko Utah mwaka 1915. Na mwigizaji Greta Garbo? Alizaliwa Stockholm 1905 akiitwa Greta Gustafsson.

Sasa turudi nyumbani, maana bonde letu lina wahamiaji wake, na safari yao ilikuwa ndefu kwa miguu.

Je, wajua kuwa tunaijua siku yenyewe ambayo Wangoni wa Zwangendaba walivuka mto Zambezi? Ni 20 Novemba 1835. Hapakuwa na mwandishi wa habari ukingoni, bali siku ile jua lilipatwa, na wazee wakasimulia wana na wajukuu kwamba walivuka wakati mchana ulipogeuka giza. Wanahistoria wakatafuta katika mahesabu ya nyota, wakaipata tarehe. Watu hawa walikuwa wametoka Afrika Kusini wakikimbia vita vya enzi za Shaka. Zwangendaba alifia Ufipa miaka ya 1840, msafara ukagawanyika, na baadhi ya matawi ya Wangoni yakakaa Songea. Huko ukoo wa Gama ukatawala Njelu na ukoo wa Tawete ukatawala Mshope. Mpaka leo ukikutana na Gama, Tawete, Zulu au Nkosi katika orodha ya wanafunzi, unasoma njia iliyoanzia maelfu ya kilomita kusini.

Lakini hapa ndipo jambo linaponoga, na wengi hulipita haraka. Msafara ule uliwabeba watu wa makabila yote uliyoyapitia. Songea Mbano, yule jemadari ambaye mji wa Songea umepewa jina lake, asili yake ilikuwa ya Washona wa nchi inayoitwa leo Zimbabwe. Alinyongwa na Wajerumani mwaka 1906 kama shujaa wa Wangoni, na Mngoni alikuwa kweli. Wambunga wa Ifakara nao historia yao inatoka kwenye chungu hicho hicho: watu waliokusanywa na vikosi vya Kingoni, wakaingia bondeni katika nusu ya pili ya karne ya 19 na kuwakuta Wandamba wakiishi na mto wao. Ukimuuliza Mmbunga babu zake walikuwa akina nani, jibu la kweli linaweza kuwa na makabila manne.

Linganisha na yule Mswidi wa Minnesota. Alikuwa na cheti cha kanisa, pasi na tiketi ya meli iliyochapwa, na bado jina lake halikumaliza kizazi kimoja. Wangoni hawakuwa na karatasi hata moja. Lugha yao ya asili ilipotea, watoto wakaongea lugha za mama zao wa Kindendeule na Kimatengo, lakini jina la ukoo likapita mdomo kwa mdomo bila kudondoka. Mimi naona hilo ni jambo kubwa, na lingestahili nafasi zaidi katika vitabu vya shule.

Je, wajua kuwa Kidatu na Mlimba unaweza kusikia majina ya nusu ya Tanzania ukiwa umekaa kwenye kibanda kimoja cha chai? Kiwanda cha sukari cha Kilombero kilichoanza mwanzoni mwa miaka ya 1960, kisha reli ya TAZARA iliyojengwa kati ya 1970 na 1975, vilivuta vibarua kutoka kila kona. Wakaja akina Mwa- wa Kinyakyusa, ambao Mwa- hiyo inamaanisha mwana wa fulani, sawasawa na ile -son ya Waswidi, tofauti ni kwamba imekaa mbele. Wakaja akina Haule, Komba na Ngonyani wa Ruvuma, na akina She- wa Usambaa. Miaka ya karibuni wakashuka wafugaji wa Kisukuma na mifugo yao, na pamoja nao Ng'wana-, ambayo nayo ni mwana wa. Ndiyo maana siku hizi pacha wa bondeni wanaweza kuitwa Kulwa na Doto, na anayewafuata Shija, hata kama wazazi wao hawajawahi kuiona Mwanza.

Je, wajua kuwa jina Mkwawa lilikuwa sifa, likafupishwa, kisha likageuka jina la ukoo? Mtwa wa Wahehe, ambaye nguvu zake zilifika mpaka bondeni kwetu, alikuwa Mkwavinyika, mtekaji wa nchi nyingi, mwana wa Munyigumba. Wajerumani waliandika Quawa. Alikufa Julai 1898, na fuvu lake likatajwa kwa jina katika Mkataba wa Versailles wa 1919, kifungu cha 246. Lilirudishwa Kalenga mwaka 1954. Mjukuu wake, Adam Sapi Mkwawa, akawa Mwafrika wa kwanza kuwa Spika wa Bunge letu, akibeba kama jina la familia lile ambalo kwa babu lilikuwa sifa ya vitani.

Nyerere pia. Baba yake Mwalimu aliitwa Nyerere kwa sababu alizaliwa mwaka ambao viwavi, wanaoitwa nyerere kwa Kizanaki, walivamia mashamba. Babu yake Mwalimu ni Burito. Mtoto akapewa jina la Kambarage, la mzimu wa mvua, kwa kuwa alizaliwa mvua ikinyesha. Julius likaja na ubatizo mwaka 1943. Jina ambalo lilikuwa la mtu mmoja na mwaka mmoja wa viwavi limebandikwa uwanja wa ndege, hifadhi ya taifa na bwawa la umeme.

Je, wajua kuwa kuna mtawala wa bonde hili aliyeshika kalamu mwenyewe? Mwaka 1935 kilitoka kitabu kuhusu Wabena wa bonde la Kilombero, kilichoandikwa na mke na mume wa Kiingereza, Culwick. Ndani yake kuna sura iliyoandikwa na Mtema Towegale Kiwanga, na jina lake likachapwa kwenye ukurasa wa mbele pamoja na yao. Kwa vitabu vya enzi ile, ambavyo mzee aliyesimulia kila kitu kwa kawaida aliitwa tu "mwenyeji mmoja", hilo lilikuwa tukio.

Je, wajua kuwa mpunga wako una jina la ukoo la Mswidi? Fungua kitabu chochote cha kilimo uone mpunga umeandikwa Oryza sativa L. Hiyo L. ni Linnaeus, Carl von Linné, aliyezaliwa Småland mwaka 1707 na kuupa ulimwengu mtindo wa kumwita kila kiumbe kwa majina mawili. Mimea aliianza 1753, wanyama 1758. Kiboko wa mto Kilombero naye yumo katika daftari lake. Baba yake mtaalamu huyo alikuwa Nils Ingemarsson, mwana wa Ingemar, mkulima kama wengine. Alipotaka kuingia chuo kikuu alidaiwa jina la ukoo, akajitungia moja kutokana na mti mkubwa uliosimama kwenye ardhi ya familia, mti uitwao lind. Hivyo mtu aliyeipa majina maelfu ya mimea, jina lake mwenyewe lilitoka kwenye mti.

Mitiki iliyopandwa kwa mistari Kilombero na Ulanga tangu miaka ya 1990 inaandikwa Tectona grandis L.f. Herufi f hapo ni kifupi cha Kilatini cha "mwana". Ni mtoto wa Linnaeus, aliyeitwa Carl kama baba yake.

Waswisi nao hawakukosa ndege. Mwaka 1990 kwera wa Kilombero, anayejenga kwenye matete ya bonde hili na asiyepatikana kwingine duniani, alitangazwa rasmi kwa jina Ploceus burnieri, kwa heshima ya Burnier, daktari wa Kiswisi aliyependa ndege. Wapo wanyama wa hapa waliopata heshima nyingine. Kima aliyetambuliwa na wataalamu mwaka 1979 katika misitu ya Udzungwa anaitwa Cercocebus sanjei, jina la Sanje, kijiji chetu cha chini ya mlima. Hili linanifurahisha zaidi kuliko lile la ndege.

Aina za mpunga zilipewa majina na wakulima wenyewe kabla ya mtaalamu kufika: Shingo ya Mwali, Mbawa Mbili, Supa, Rangi Mbili. Hizo hakuna aliyezisajili kwanza. Ziliitwa, zikaitika.

Je, wajua kuwa wazungu wa enzi za ukoloni hawakuchagua majina waliyoitwa nyuma ya migongo yao, na mara nyingine mbele ya nyuso zao? Carl Peters alikuwa Mkono wa Damu. Tom von Prince, aliyempiga vita Mkwawa, akawa Bwana Sakarani. Ionides, mwindaji wa nyoka wa kusini, alikuwa Bwana Nyoka na alijivunia. Pori kubwa la mashariki ya bonde letu liliandikwa Selous kwenye ramani, kwa jina la Mwingereza aliyeuawa vitani Beho Beho Januari 1917, lakini wananchi waliliita Shamba la Bibi, kwa masimulizi kwamba Kaizari alimpa mkewe kama zawadi. Mwaka 2019 sehemu kubwa ya pori hilo ilipewa jina la Hifadhi ya Taifa ya Nyerere. Shamba la Bibi bado linasikika.

Viongozi wetu wamepita njia hiyo hiyo. Kawawa alikuwa Simba wa Vita, Mwinyi alikuwa Mzee Rukhsa, Magufuli alikuwa Tingatinga, na daraja la mita 384 lililoondoa foleni ya kivuko pale mto Kilombero limeitwa kwa jina lake. Kwenye mpira, Sunday Manara alikuwa Kompyuta, wakati Watanzania wengi hawajaiona kompyuta yenyewe. Hata mitaa ya Ifakara ina tabia hii. Viwanjasitini na Kibaoni yanatamkwa kama majina ambayo watu waliyazoea kwa kuelekezana njia.

Kuna jina jingine ambalo halizungumzwi sana: jina la shule. Miaka ile nafasi za sekondari zilipokuwa chache mno, mtoto aliyeshindwa darasa la saba alirudia mtihani kwenye shule nyingine kwa jina la mtoto aliyeacha masomo. Akifaulu, jina lile la kuazima linakuwa lake: cheti cha kidato cha nne, barua ya ajira, hundi ya mshahara. Kijijini bado ni yule yule wa zamani. Wapo watu wazima leo, walimu na wauguzi wazuri, wanaopanga foleni na hati ya kiapo mkononi ili kitambulisho cha taifa, cheti cha kuzaliwa na mafao ya uzeeni vikubaliane kwamba ni mtu mmoja. Na wapo ndugu wa baba mmoja, huyu aliyeandikwa kwa jina la babu, yule kwa jina la ukoo, ambao mirathi ikifika hulazimika kuthibitisha undugu wao kwa mashahidi. Nawahurumia kwa dhati. Kosa halikuwa lao, walikuwa watoto tu siku mwalimu alipofungua daftari la kuandikisha.

Je, wajua kuwa Ifakara kuna chuo ambacho mfano wake umetoka Uswidi? Ni Chuo cha Maendeleo ya Wananchi. Vyuo hivi vilianzishwa nchini kuanzia 1975 kwa kufuata shule za watu wazima za Uswidi, ambako mkulima aliyekosa masomo utotoni aliweza kurudi darasani bila kuulizwa vyeti.

Na safari imekwisha kugeuka. Mwaka 2006 Uswidi ilipata waziri wa kwanza mwenye asili ya Afrika: Nyamko Sabuni, aliyezaliwa Bujumbura 1969 kwa wazazi kutoka Kongo. Kwa hiyo watangazaji wa Stockholm walisoma taarifa ya habari wakitamka sabuni kila wiki. Mwaka 2017 mshambuliaji wetu Thomas Ulimwengu alijiunga na klabu ya Eskilstuna, na mgongoni mwa jezi ya timu ya Uswidi likaandikwa Ulimwengu.

Je, wajua kwa nini mjukuu wa Mswidi aliyeko Minnesota anaweza kumpata babu yake wa karne ya 18 kwa jioni chache tu? Sheria ya kanisa ya 1686 iliwataka wachungaji wa Uswidi kuandika kila anayezaliwa, anayeoa, anayehama na anayekufa. Kanisa liliendelea na kazi hiyo ya uandikishaji hadi 1 Julai 1991, lilipoikabidhi serikali.

Sisi vitabu vya namna hiyo tunavyo, ingawa ni vya muda mfupi zaidi. Viko parokiani. Kitabu cha ubatizo cha Kikatoliki kinaandika tarehe ya kuzaliwa, majina ya baba na mama, wasimamizi na padre aliyebatiza, na vile vya zamani vimeandikwa Kilatini. Sehemu ya thamani zaidi ni pembeni. Muumini akipata kipaimara au akifunga ndoa kwingine, parokia ya huko inatakiwa kupeleka taarifa nyumbani, na karani anaiandika kando ya jina lake la kwanza. Kama bibi alibatizwa Ifakara na kuolewa Kilosa, ndoa ile inapaswa kuonekana Ifakara, pamoja na jina la mume. Ukienda kuuliza, nenda na jina la ubatizo, jina la baba yake na makisio ya mwaka, maana "Mama Neema" hayumo kitabuni. Na kabla ya kwenda parokiani, pita kwanza kwa mzee wa ukoo aliye hai umuulize bibi aliitwaje alipokuwa msichana, na nani alikuwa akimwita hivyo.